Flati yangu iko Manchester, mimi niko Kisumu, sevis chaji inanimaliza. Kuna mtu amepitia hii?

NesiWaRiat
Wadau habari za jioni. Nimekaa hapa nyumbani Riat, stima imepotea, ziwa naliona kule chini limetulia, mimi ndio sijatulia. Mnivumilie nitaandika ndefu.

Nilifanya unesi Uingereza miaka mingi na 2011 nikanunua kaflati ka bedrumu moja Manchester, chini kabisa, mlango wangu unaangaliana na mapipa ya taka. Mogeji nilimaliza na nait shifti, 2022 nikarudi nyumbani, nikaweka mpangaji nikijua hiyo ndio penseni yangu sasa. Wacha nicheke. Hiyo flati nilinunua lisi ya miaka 125, yaani kuta za ndani ni zangu lakini paa, ngazi, lifti na udongo ni za mwenye jengo, na yeye ameandika kampuni ya kusimamia, na hiyo kampuni ndio inanitumia bili ya sevis chaji, yaani fungu langu la kutunza jengo.

Mwaka jana ilikuwa pauni 1,860. Mwaka huu 2,490. Halafu huko chini ya karatasi, kalaini kamoja tu kamejificha: matengenezo ya paa, fungu lako, 4,100. Jumlisha ni 6,590, piga na 170 uone, ni milioni moja na laki moja na kitu. Hiyo pesa si ningemalizia nyumba ya mama Nyakach na tiles juu! Na kodi inaingia 850 kwa mwezi, ejenti anakata asilimia 12 yake, halafu anakata tena asilimia 20 ya ushuru ati kwa sababu naishi nje.

Kinaniuma zaidi ni lifti. Nalipia lifti na mimi niko chini, sijawahi hata kuibonyeza, na mpangaji anasema imekufa tangu Novemba, wamebandika tu karatasi ya pole. Nikipiga simu nawekewa muziki wa piano dakika 40 mpaka kredo iishe. Sasa wametuma barua ingine inasema nisipolipa naweza kunyang'anywa flati.

Swali: wanaweza kuniongezea hivyo bila kuniuliza? Mimi sikuona notisi yoyote ya paa. Nilipe ama nigome?

KijanaWaKondele
Auntie uza hiyo kitu ujenge bedsita Nyamasaria stori iishe. Huku mbaya zaidi ni mpangaji kutoroka usiku na godoro.

NesiWaRiat
Kijana yangu nani atanunua na deni la paa likiwa shingoni? Wakili wa mnunuzi kitu ya kwanza anaitisha ni karatasi za sevis chaji.

OmwanaWaLeeds
Mulembe madam. Mimi ni wa Kakamega lakini niko Leeds na nimepigana hii vita miaka mitatu, kwa hivyo nisikize polepole.

Usigome kimya kimya, hiyo ndio makosa watu wetu hufanya, mtu anakasirika anazima simu halafu deni linaongezewa riba na pesa ya wakili wao. Lakini pia usitetemeke. Kuchukua flati kwa sababu ya sevis chaji si kama kufunga kibanda Kibuye, lazima kwanza korti ama tribunali (baraza la kuamua kesi za nyumba) iamue kwamba hiyo pesa kweli unadaiwa, ama wewe mwenyewe ukubali. Na kulipa peke yake si kukubali, sheria yao ya 1985 ya landlodi na mpangaji imesema hivyo kwa kifungu cha 27A. Unaweza kulipa huku unaandika kwamba unapinga.

Ya paa sasa. Kazi yoyote ikizidi pauni 250 kwa kila mwenye flati, kifungu cha 20 kinasema lazima wakushauri kwanza: notisi ya kusema wanataka kufanya kazi, siku 30 za maoni, halafu makadirio ya bei na siku 30 zingine. Wakiruka hiyo, kwako wanaweza kudai 250 peke yake, isipokuwa tribunali iwasamehe. Angalia pia tarehe za risiti, gharama ikiwa imepita miezi 18 kabla wakudai na hawakukuandikia kwa hiyo miezi, hiyo imekufa (kifungu cha 20B).

Lakini nikuulize, anwani yako kwa faili yao ni gani? Ni ya Kisumu ama ni ya hiyo flati?

Ya lifti pole, hapo pengine utalipa, soma lisi. Nyingi zinagawanya gharama kwa wote, hata wa chini. Kile unaweza kupinga ni kulipia huduma ambayo haikufanywa. Waandikie uombe muhtasari wa gharama, kifungu cha 21, wana mwezi mmoja ama miezi sita tangu mwaka wa hesabu uishe, ile inakuja mwisho. Ukishaupata una miezi sita ya kwenda kukagua risiti zenyewe, kifungu cha 22. Na ugeuze ile bili uangalie nyuma: lazima iambatane na karatasi ya haki zako, kama hakuna, una ruhusa kuzuia malipo mpaka walete.

Hiyo asilimia 20 ya ushuru pia unaweza kuondoa, kuna fomu inaitwa NRL1 unajaza ya HMRC, wale watu wa ushuru wa Uingereza, wakikubali ejenti anakutumia kodi bila kukata halafu unafanya ritani mwenyewe kila mwaka. Ushuru haupotei lakini pesa inapitia kwa mkono wako.

BabaTwinsNakuru
Mimi niliogopa hiyo lisi ya Waingereza nikaenda Dubai, studio ya futi 620 za mraba. Kule sevis chaji inahesabiwa kwa futi, yangu ni dirhamu 14, kwa hivyo 8,680 kwa mwaka, karibu laki tatu za Kenya. Mzuri ni kwamba kampuni haiwezi kuamka tu ipandishe, bajeti lazima RERA, wasimamizi wa mambo ya nyumba Dubai, waidhinishe na malipo yanapita kwa mfumo unaitwa Mollak, unaona kila kitu kwa simu. Mbaya ni kwamba unalipa hata nyumba ikiwa tupu. Yangu ilikaa miezi tano bila mtu, nilikuwa nauza viazi Molo kulipia swimingi puli ya wenyewe.

MwekaHazinaSection58
Mimi nitaongea upande ule mwingine na mnitukane tu. Nakusanya pesa ya flati zetu hapa Nakuru, nyumba 24. Pampu ya kisima iliungua Machi, kila mtu atoe 6,000. Wenye wako hapa walitoa. Wenye wako nje, mmoja Texas mmoja Doha, mpaka leo ni "nitatuma wikendi". Wapangaji wao wanachota maji ambayo tulilipia sisi. Sasa huyo wa Doha akienda kwa forumu ataandika ati tunamnyonya. Paa ikivuja si inavuja tu, haijui nani yuko Kisumu. Hata hii sheria yetu ya Sectional Properties ya 2020 imetupa shirika la wamiliki, lakini shirika haliwezi kununua pampu na makofi.

Lakini lifti imekufa tangu Novemba na mnachajiwa, hiyo ni wizi mama, piga kelele.

NesiWaRiat
Mweka hazina sikutukani, umenichoma mahali pazuri.

OmwanaWaLeeds, hiyo swali yako ya anwani sikulala. Nilimuuliza mpangaji kama kuna barua zangu, akasema ziko "chache". Akanitumia picha. Wadau, juu ya boksi ya mita kuna rundo limefika kwa dirisha, bahasha za kahawia kwa za nyeupe, moja ameweka kikombe cha chai juu yake imebaki na duara. Nikamwambia afungue moja moja apige picha. Ya nne kutoka chini: notisi ya paa, ya mwaka juzi mwezi wa tisa. Ya tisa: makadirio ya bei ya mafundi wawili. Kumbe waliniuliza, ni mimi sikujibu. Aibu imenishika hapa peke yangu kwa sofa.

Karatasi ya haki iko pia, nyuma ya bili. Nilikuwa siprinti hiyo peji nikiokoa wino.

OmwanaWaLeeds
Usijilaumu madam, mimi yangu ilikuwa chini ya zulia. Waandikie leo anwani mpya na imeili, uweke sanduku lako la posta la Kisumu, wathibitishe kwa maandishi. Paa basi omba kulipa pole pole, wengi hukubali kuliko kwenda tribunali. Na hiyo ya risiti usiachilie.

KijanaWaKondele
Mimi bado nasema Nyamasaria

NesiWaRiat
Wiki sita baadaye, nimerudi. Muhtasari ulikuja. Mtoto wa dada yangu yuko Salford, nikaandika barua ya kumruhusu, akaenda ofisini kwao na simu, wakampa faili na meza kando ya choo. Alipiga picha 61. Mkataba wa lifti tulilipishwa miezi 12, na hiyo miezi yote imekufa iko ndani, hakuna hata punguzo la senti. Na invoisi ya kusafisha ngazi ya Februari iko mara mbili, nambari ni ile ile, tarehe ni ile ile, tofauti ni moja imeskaniwa ikiwa imepinda.

Nimewaandikia hizo mbili na nakala kwa majirani wanne wenye nilipata kwa grupu ya WhatsApp ya jengo (sikuwa hata najua iko). Invoisi wamekubali ilikuwa "kosa la mfumo" na wataitoa. Lifti bado wanazungusha, majirani wa juu wanataka twende tribunali pamoja. Paa wamekubali nilipe kwa miezi kumi, 410 kila mwezi, hiyo inameza nusu ya kodi lakini angalau najua ni mafundi gani na ni bei gani.

KijanaWaKondele
Auntie na huyo mpangaji wa kikombe cha chai umemfanya nini?

NesiWaRiat
Analipa kodi kwa wakati, nitamfukuza nipate nani? Nimemwambia atafute katoni ya viatu aweke mlangoni, bahasha yoyote yenye jina langu apige picha siku hiyo hiyo anitumie. Akasema sawa. Jana ametuma ya kwanza, nikafungua mbio mbio moyo ukidunda, ni tangazo la pitsa.