Sadeli ya ukulele: iliyonyooka, ya mshazari, au ya kuchongwa kila uzi?

Nyota_Pwani
Wadau, nina ukulele ya konseti, urefu wa uzi sm 38, nyuzi za nailoni. Zikiwa wazi (bila kubonyezwa) sauti iko sawa. Nikibonyeza freti (kijiti cha chuma shingoni) ya 12, tuna, kile kifaa cha kupimia sauti, inaonyesha G imepanda senti 4 (senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni), C senti 14, E senti 7, A senti 3. Sadeli (kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi darajani) imenyooka, unene mm 3, mgongo, pale uzi unapokaa, uko katikati. Niweke ya mshazari kama ya gitaa, au ya kuchongwa, kila uzi na mahali pake pa kukaa? Nikicheza huko juu masikio yanaumia kweli.

Fundi_Tupa
Mshazari achana nao, ndugu yangu. Kwenye gitaa unafaa kwa kuwa nyuzi za besi ziko upande mmoja. Ukulele yenye G ya juu (G mwembamba, sauti yake iko juu ya C) haiko hivyo: uzi mnene kuliko wote ni C, na umekaa wa pili. Ukiilaza sadeli kuifuata C, unaivuta G nyuma zaidi wakati haina kosa kubwa, nayo itashuka. Mwenye G ya chini ndiye anaweza kunufaika.

Babu_wa_Besi
Chonga, lakini piga hesabu kwanza. Kwa sm 38, kurudisha nyuma mm 1 kunashusha freti ya 12 kama senti 4 na nusu, ukishatuni upya. Mgongo wako uko katikati ya mm 3, kwa hiyo nyuma umebakiwa na mm 1.5, yaani senti 6 au 7. E itatulia kabisa. C itabaki juu senti 7 hivi.

Mzee_Mbao
Weka tu mfupa mzuri ulionyooka, mbona tumecheza hivyo miaka yote.

Fundi_Tupa
Mzee wangu shikamoo, mfupa unasaidia mlio. Senti hauzigusi.

Dada_Noti
Mimi ningeanza na nyuzi. Fluorokaboni ni nzito kuliko nailoni, kwa hiyo noti ileile inatoka kwenye uzi mwembamba, usio mkaidi kupinda. C ndiyo inayonufaika zaidi. Halafu pima kimo cha nyuzi freti ya 12. Kikizidi mm 3, kubonyeza kwenyewe kunauvuta uzi na sauti inapanda. Kupunguza nusu milimita pale, ondoa mm 1 chini ya sadeli: piga mstari wa penseli, bandika msasa juu ya kioo, sugua polepole. Na freti ya kwanza je? Ikipanda nayo, mifereji ya nyuzi kule mwisho wa shingo haina kina cha kutosha, na sadeli haitakuponya.

Babu_wa_Besi
Dada kasema kweli. Na kabla ya tupa, kata kipande kifupi cha uzi wa kwanza wa gitaa, kilaze juu ya sadeli chini ya C, ukingo wa nyuma kabisa. Tuni, pima. Utajua tupa itakupa nini kabla hujakata chochote.

Nyota_Pwani
Nimerudi. Freti ya kwanza ilikuwa sawa, kimo kilikuwa mm 3.3, sasa 2.7. Nimeweka fluorokaboni, nikaziacha siku tatu zitulie: C ikasoma senti 8, E senti 4. Jana nimechonga, C nyuma kabisa, E nyuma kidogo, G na A sikuzigusa. Leo asubuhi C senti 2, E senti 1. Dada na Babu, Mungu awabariki.

Dada_Noti
Amina! Lainisha ule ukingo wa C kwa msasa wa 600, usije ukaukata uzi.