Kwa nini virusi vya mafua vikuzwe kwenye seli badala ya mayai?

Msomaji wa Baiolojia:
Ndugu wanajukwaa, mayai ya kuku yenye viinitete yametumika kutengeneza chanjo ya mafua tangu miaka ya 1940, na hadi leo sehemu kubwa ya chanjo hiyo hutokana nayo. Je, seli za figo ya mbwa ziitwazo MDCK zina faida gani zaidi ya kupunguza mahitaji ya mayai?

Mtafiti:
Faida kubwa ni kwamba virusi havibadiliki sana. Virusi vya mafua ya binadamu hunasa kwenye aina fulani ya sukari iliyo juu ya seli za njia yetu ya hewa, ilhali ndani ya yai imetawala sukari ya aina nyingine, kwa hiyo vinavyostawi humo ni vile vilivyokwisha kubadilika ili viweze kuishika. Mabadiliko hayo hutokea kwenye himaglutinini, protini ya juu ya virusi inayoshika sukari hiyo, na ndiyo ileile ambayo kingamwili zetu zinatakiwa kuitambua. H3N2, mojawapo ya aina za virusi vya mafua ya msimu, ndiyo inayosumbua zaidi. Katika msimu wa 2016–2017, virusi vya chanjo vilivyokuzwa kwenye mayai vilikosa sukari inayofunika sehemu muhimu ya himaglutinini, na kingamwili zilizopatikana zikawa dhaifu mbele ya virusi vilivyokuwa vikienea.

Mdau wa Chanjo:
Naafiki, ila seli hazisaidii sana iwapo mbegu ya virusi, yaani virusi vya kuanzishia utengenezaji, imekwisha kupitia kwenye yai. Flucelvax, chanjo inayotengenezwa kwa MDCK, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, lakini ruhusa ya kutumia mbegu iliyokuzwa kwenye seli tangu mwanzo ilitolewa mwaka 2016. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi.

Msomaji wa Baiolojia:
Nashukuru sana. Kwa nini basi tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, huongezwa kwenye seli, wakati kwenye yai haihitajiki?

Mtafiti:
Himaglutinini lazima ikatwe vipande viwili ndipo virusi viweze kuingia kwenye seli nyingine. Majimaji ya yai yana kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, lakini MDCK kwa kawaida hazikati himaglutinini ya virusi vya msimu ipasavyo, na bila tripsini maambukizi hukomea karibu na mzunguko wa kwanza. Kama seli zilikuzwa kwa seramu (majimaji ya damu ya wanyama yanayolisha seli), huoshwa vizuri kwanza, kwa sababu seramu huzuia tripsini. Kipimo nacho kinahitaji uangalifu, kwani tripsini ikizidi, seli zilizoshikamana na chombo hubanduka kabla virusi havijaongezeka vya kutosha.