Mtoto aambiwe kuhusu samaki wa Temujin?

Baba Nasra: Naomba tubishane kidogo. Jana nilimsomea binti yangu wa miaka saba kitabu cha picha cha maisha ya Genghis Khan, yule mtawala wa Wamongolia aliyezaliwa kwa jina la Temujin. Baba mtu anauawa kwa sumu ya Watatari, ukoo unaitelekeza familia, mama Hoelun anachimba mizizi wanawe wapate kula. Funua ukurasa: Temujin keshakuwa kijana juu ya farasi. Bekhter hayumo! Ndugu yake wa baba mmoja, ambaye Temujin na mdogo wake Khasar walimpiga mishale baada ya kugombania samaki. Mimi naona huko ni kudanganya watoto.

Bi Mkubwa: Huyo Nasra analala chumba kimoja na kaka yake, au nimesahau? Basi mwache akue kwanza.

Mwl. Historia: Shikamoo Bi Mkubwa, lakini kisa hicho hakikutungwa na maadui. Kimo katika Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao wenyewe cha karne ya 13, tena pamoja na jinsi Hoelun alivyowashukia wanawe kwa matusi, akawafananisha na mbwa. Wenyewe hawakuficha, sisi tunamfichia nani?

Mchoraji: Nyie mmeng'ang'ania ndugu, mimi nimekwama kwenye ukuta. Mwaka 1211 anaivamia himaya ya Jin, kaskazini mwa China, na mchoraji kaweka ukuta wa matofali wenye minara, kama ule Ukuta Mkuu wa China wa kwenye kalenda. Ule ni wa enzi ya Ming, iliyoanza 1368. Genghis alikufa 1227! Na farasi wana miguu mirefu kama wa mashindano, wakati farasi wa Kimongolia ni mfupi, kichwa kikubwa, manyoya tele. Sura nasamehe, maana hata ile picha yake maarufu iliyoko Taipei ilichorwa baada ya kufa kwake.

Mwl. Historia: Kuna na wanaojifanya wakweli kupita kiasi, wanamwandikia mtoto kwamba Nishapur, mji wa Uajemi, mwaka 1221 Wamongolia waliua watu 1,747,000. Mji wa zama zile ungewalisha nini wote hao?

Bi Mkubwa: Marahaba mwalimu. Ukuta rekebisheni, idadi punguzeni. Kwa Bekhter sijashawishika.

Baba Nasra: Umechelewa, Bi Mkubwa. Nimeshamsimulia leo, kaka yake akiwepo. Wameniuliza jambo moja tu: huyo samaki hatimaye alimla nani?