Mabenchi ya makanisa ya vijijini Uingereza: yang'olewe au yaachwe?

Mtoa mada: Wakuu, kule Uingereza parokia kadhaa za vijijini zinataka kung'oa mabenchi ya enzi za Malkia Victoria na kuweka viti vya kuhamishika, ili siku za kazi kanisa liwe ukumbi. Mimi nasema yaachwe. Zamani mwenye mali alikuwa na kizimba chake kanisani, chenye mlango, na mnyonge akabanwa nyuma. Mabenchi ya wazi yalikuja kuondoa ubaguzi huo. Chama cha kusaidia ujenzi wa makanisa, kilichoanzishwa 1818, kilitoa fedha kwa sharti kwamba pawepo viti vya bure. Leo yamekuwa kero?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeyapamba mno. Kodi ya viti, yaani fedha za kulipia nafasi ya kukaa kanisani, haikufa siku ile, na mwenye shamba aliendelea kukaa mbele. Halafu watu haohao wa enzi ya Victoria waling'oa vizimba, mimbari za ngazi tatu na roshani za wapiga ala, vyote kazi ya babu zao. Walijipa ruhusa; wa leo wamekosa nini?

Mtoa mada: Walikosea, ndiyo maana 1877 msanii William Morris alianzisha chama cha kupinga "ukarabati" wa aina hiyo. Lakini tazama kanisa la All Saints la Selsley, Gloucestershire. Msanifu majengo Bodley alilichora, likakamilika 1862 kwa fedha za Samuel Marling, tajiri wa viwanda vya nguo. Vioo vya rangi vikatoka kwa kampuni changa ya Morris huyohuyo. Kanisa la namna hii ni kama shairi la vina: unaingia, jicho linafuata ujia wa kati hadi madhabahuni. Toa mistari ya katikati uone kama litasomeka.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni seremala, nisikilizeni kidogo. Si kila benchi ni hazina. Yapo ya mwaloni yaliyochongwa kwa mkono, na yapo ya msonobari wa kawaida, yamesimama juu ya jukwaa la mbao linalooza kwa unyevu. Ndiyo maana dayosisi ina mahakama yake ya kutoa kibali cha kubadilisha kanisa, na Victorian Society, chama cha kutetea majengo ya enzi ya Victoria kilichopo tangu 1958, huleta pingamizi. Kila kanisa na kesi yake.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa fundi. Ila Jumapili wamebaki wazee kumi, kumi na wawili, na kanisa halina choo. Mtoa mada, bila kutoa benchi hata moja, choo utakiweka wapi?