Naomba ushauri: neno "run" la Kiingereza linanichanganya na wageni

Kijana wa Shela: Assalaam aleykum wakuu. Napeleka wageni Takwa na Manda Toto, hapa Lamu, kwa mashua. "Run" naijua ni kukimbia, lakini wao walitia kwenye maji, injini, hata tumbo. Nianzie wapi?

Kalamu ya Langoni: Wa aleykum salaam. Kamusi usiikariri. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walikihesabia kitenzi hicho maana 645. Kwenye toleo la 1989 aliyeongoza alikuwa "set", kama 430. Tazama mawili tu: ni nini kinachotenda, na kijineno gani kimefuata. Injini "is running", inafanya kazi. Boti "runs every hour", hutoka kila saa. Mtu "runs a guest house", anaiendesha. Kijineno ndicho hugeuza mambo: "run low on water", maji yanakaribia kuisha, "run out of water", yamekwisha. Baharini tofauti hiyo si ndogo. "Run into" ni kugonga, lakini likifuata jina la mtu mara nyingi ni kukutana naye kwa bahati. Ukitumia tarjuma ya simu, ipe sentensi nzima. Ukiipa neno moja itakujibu "kimbia" tu.

Nahodha Mstaafu: Mgeni anayejua matanga akisema "let's run", hataki uvute mafuta. Anataka upepo uje tezini, nyuma ya chombo, na demani, kamba ya tanga, uilegeze tanga lifunguke. "Run aground" ni kupanda mwamba au fungu la mchanga. Mkono wa bahari wa Takwa uingie maji yakijaa, yakipwa utalisikia neno hilo.

Dawa Baridi, Malindi: La tumbo ni "the runs", anaharisha. "Runny nose" ndiyo mafua. Wasiosikiliza vizuri humpa mwenye tumbo vidonge vya mafua! Weka chomboni pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na inamdhuru.

Kijana wa Shela: Shukran sana. Na "dry run"?

Kalamu ya Langoni: Jaribio la kabla ya kazi yenyewe, usilitafsiri kwa ukavu. Nyongeza: "we ran out" ni jambo lililopita, pengine jana. "We've run out" ni hali ya sasa hivi, na hiyo "'ve" Mwingereza huimeza. Sikiliza irabu: "ran" au "run".