Tupeane uzoefu: Xacuti, mchuzi wa kuku wa Goa wa nazi ya kukaanga

Shamari (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Kuku paka na kuku wa nazi tumeshavijadili hapa hadi tumetosheka. Leo tuvuke bahari hadi Goa, pwani ya magharibi ya India, tuzungumzie xacuti (tamka "shakuti"). Wagoa waliokaa Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Dar wanaipika miaka nenda miaka rudi, na Mswahili anayeionja mara ya kwanza huuliza: nazi iko wapi? Mchuzi ni mzito, wa rangi ya kahawa, hauna weupe wa tui hata kidogo. Nazi imo, tena nyingi, ila imekaangwa bila mafuta ikasagwa pamoja na viungo. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Kila mwenye uzoefu aweke kipimo, dakika na kosa analolijua.

Naanza na vipimo vya kuku wa kilo moja na robo. Nazi iliyokunwa vikombe 2 bila kushindilia. Giligilani ya punje vijiko 2 vikubwa, uzile (bizari nyembamba) kijiko 1 cha chai, shamari kijiko 1 cha chai, khaskhas (mbegu ndogo za mpopi) kijiko 1 kikubwa, pilipili manga punje 10, karafuu 6, iliki 4, mdalasini kipande cha urefu wa kidole gumba, ua moja la anisi lile lenye pembe nane, na kungumanga ya kukwaruza kiasi cha robo kijiko cha chai. Pilipili kavu za Kashmir 8 hadi 10, mbegu zikung'utwe. Vitunguu maji vikubwa 3, ukwaju tonge la ukubwa wa ndimu, manjano nusu kijiko cha chai.

Kuku apakwe mapema chumvi, manjano, maji ya limau, na rojo la kotmiri, tangawizi, kitunguu thomu na pilipili mbichi 2. Saa moja inatosha. Mkimlaza usiku kucha kwenye friji ni bora zaidi, ila limau lipungue liwe nusu, la sivyo nyama ya juu inakuwa kama unga.

Mama Iliki
Asante mwanangu kwa kuanzisha. Niseme la nazi, maana nazi ndiyo xacuti yenyewe.

Chagua nazi iliyokomaa, ukiitikisa maji yacheze. Koroma haifai: ina maji mengi na mafuta machache, utakaa nayo motoni nusu saa na bado itakuwa laini. Pia usikamue tui kwanza ukafikiri utakaanga machicha. Machicha yamebakiwa na mafuta machache, yanaungua kabla ya kuiva na mchuzi hauwi mzito. Ukifika kwenye kifuu acha kukuna. Zile chembe nyeusi za mwisho zinaungua upesi kuliko nyama nyeupe.

Sasa kaango. Liwe zito, moto mdogo, mwiko wa mti mkononi, na usiende kokote. Dakika tano za mwanzo utaona mvuke tu, nazi haibadiliki rangi. Ni sawa, maji lazima yatoke kwanza, bila hivyo itachemka badala ya kukaangika. Baada ya hapo inaanza kuwa ya manjano pembezoni, na kwaruzo la mwiko linabadilika sauti, linakuwa kavu kama unakoroga chenga za mchele. Dakika ya nane au ya kumi harufu inageuka, inakuwa ya karanga. Hapo ndipo pa hatari. Kutoka rangi ya chai ya maziwa hadi rangi ya ganda la mdalasini ni dakika mbili tu, na kutoka hapo hadi kuungua ni nusu dakika. Ikifika rangi ya mdalasini imwage kwenye sahani pana papo hapo. Ukizima jiko tu ukaiacha, chuma bado kina moto na kitaendelea kuikaanga.

Ikiungua itupe, ukune nyingine. Uchungu wa nazi iliyoungua hauondolewi na sukari wala ukwaju.

Kaango Jeusi
Naunga mkono Mama Iliki. Niongezee kwamba uchungu mara nyingi unatokana na viungo, watu wanaisingizia nazi. Kosa kubwa ni kumimina viungo vyote kaangoni kwa pamoja. Pilipili kavu zianze peke yake, sekunde 30 hadi 40, zivimbe kidogo, zitoke. Kisha vigumu: mdalasini, karafuu, iliki, anisi, pilipili manga. Kisha giligilani. Uzile na shamari ziingie mwishoni, nazo khaskhas sekunde 20 tu, maana ni ndogo na zinaruka. Kungumanga usiikaange, ikwaruzie kwenye mashine wakati wa kusaga.

Kwa walioko Dubai na Emirati nyingine: khaskhas imepigwa marufuku huko kwa sababu inatoka kwenye mpopi. Msiagize na msisafiri nayo. Weka korosho mbichi 6 zilizolowekwa, uzito wa mchuzi unabaki ule ule.

Pilipili za Kashmir zinatoa rangi kuliko ukali. Ukitumia pilipili kavu za kwetu, weka 4 na paprika kijiko kimoja. Ukiweka 10 hakuna atakayemaliza sahani.

Mgeni_Tanga
Wakuu, mchuzi unakuwa na chembechembe kama mchanga ulimini. Tatizo nini?

Kaango Jeusi
Mkuu, ni kusaga. Anza na viungo vikavu peke yake hadi viwe unga. Ndipo utie nazi iliyopoa na vitunguu ulivyokaanga, maji robo kikombe. Ukimwaga maji mengi mwanzoni blenda inazungusha maji tu, nazi inaogelea bila kusagika. Simamisha, kwangua pembeni, ongeza maji kijiko kwa kijiko. Sugua rojo kati ya vidole viwili: ukisikia punje, endelea. Na nazi isiwe ya moto. Ikiwa ya moto inatoa mafuta ndani ya blenda na rojo linaganda kama siagi ya karanga.

Kisonoko
Vitunguu viwili vikaangwe hadi kahawia kwa ajili ya kusaga, kimoja kibaki cha kuungia. Kikishalainika kwenye mafuta vijiko 3 vikubwa, mimina rojo na ulikaange dakika 6 hadi 8 kwa moto mdogo hadi mafuta yajitenge pembeni. Usiharakishe hapa. Rojo lisilokaangwa vizuri linaacha ladha ya giligilani mbichi kooni.

Kuku aingie, ageuzwe dakika 5 akolee, kisha maji ya moto vikombe 2. Maji baridi yanashtua mafuta, na mchuzi unachelewa kushikana. Kuku wa kisasa ni dakika 25, wa kienyeji saa moja na zaidi, na maji yaongezwe. Koroga hadi chini kila baada ya dakika chache, nazi iliyosagwa hutuama na kushika sufuria. Ukwaju uingie dakika kumi za mwisho, nusu kwanza, uonje, ndipo umalizie.

Mpwani_Halisi
Swali la kichokozi: kwani ukimalizia na tui kidogo kuna ubaya?

Mama Iliki
Ubaya hakuna, ila utakuwa umehama Goa. Mangalore, kusini zaidi, kwenye kori gassi, mchuzi wao wa kuku, nazi inakaangwa kidogo tu na tui linaingia mwishoni, wakila na mikate mikavu myembamba ya mchele inayoitwa kori rotti. Kerala wanaikaanga nazi hadi iwe nyeusi-nyekundu, pamoja na vitunguu vidogo na majani ya mchuzi. Malvan, kaskazini ya Goa, wanachanganya na mbata. Kila pwani na rangi yake ya nazi. Xacuti ni ya mdalasini, bila tui.

Ya kulia, Goa wana sanna, vikate vya mchele vya mvuke ambavyo kwa asili vinaumuliwa kwa tembo la mnazi. Anayejua kupika mkate wa kumimina yuko jirani kabisa, aupike usiwe na sukari nyingi.

Kisonoko
La mwisho, kuhusu kuweka akiba. Rojo likishakaangwa na kupoa, gawanya kwenye vifuko vya mchuzi mmoja mmoja, ligandishe. Mwezi mzima linafaa. Mchuzi uliopikwa usiulaze mezani, kwa joto letu vyakula vya nazi vinachacha usiku mmoja. Kesho yake utaukuta umekuwa mzito kama uji, maana nazi imekunywa maji. Ongeza maji ya moto nusu kikombe, upashe taratibu, uonje chumvi upya.