Matunzo ya watoto baada ya wazazi kutengana: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Busia:
Ndugu zangu, muhula umefunguliwa na tayari nimeona wanafunzi wakirudishwa nyumbani kwa sababu baba anasema mama ndiye alipe, na mama anasema zamu hii ni ya baba. Naomba waliotengana watueleze: katika makubaliano yenu nani hulipa nini, na mnapokosana mnakwenda wapi?

Mama wa Bombo:
Mwalimu, umenigusa penye kidonda. Tulipoachana na baba wa watoto wangu, tulikubaliana mbele ya wazee kwamba yeye atalipa karo, nami nitabeba chakula, nguo na matibabu. Binti yetu alipopata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule ya bweni, baba yake alinihakikishia kwa simu kwamba fedha zitakuwa zimefika benki kabla ya siku ya kuripoti. Tulifika langoni na sanduku la bati, godoro, ndoo, fagio na karatasi za chooni, kila kitu kama kilivyoandikwa kwenye barua ya shule, na vyote nilivinunua kwa faida ya mitumba yangu. Mhasibu alipitisha kidole kwenye orodha ya waliolipa, akaanza tena kutoka juu, na jina la binti yangu halikuwemo. Nilipompigia baba yake, alisema fedha anazo, ila hatazitoa mpaka nikubali kwamba likizo zote mtoto atakaa kwa mke wake wa sasa. Sharti hilo halikuwahi kutajwa mbele ya wazee. Binti alisikia kila neno, akaketi juu ya sanduku na kuniuliza kama ni yeye aliyetugombanisha. Tulipanda taksi tukarudi na godoro letu. Karo niliitafuta baadaye nikaipata, lakini swali lile sijapata namna ya kulijibu.

Dada wa Arua:
Pole sana, dada. Yangu ni hayo hayo.

Dereva wa Malaba:
Poleni kina mama, lakini mtusikilize na sisi. Nilikuwa nikituma fedha kwa simu kila mwezi nikiamini zinakwenda shuleni, na mwisho wa muhula shule ikaniarifu kwamba deni liko palepale. Tangu hapo nalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na risiti nazitunza, na chakula nanunua mwenyewe, mahindi na maharagwe kwa gunia. Mtu asiniite mkwepaji kwa sababu hiyo.

Mama wa Bombo:
Kaka, gunia la mahindi halimtibu mtoto malaria usiku wa manane, na hata kuyasaga mahindi hayo ni fedha.

Dereva wa Malaba:
Basi mama naye aandike alichotumia. Sidai zaidi ya hapo.

Fundi wa Jinja:
Mimi nililetwa mbele ya afisa ustawi wa jamii nikidaiwa matunzo ya kijana niliyemlea tangu kuzaliwa. Ndugu zangu walinishinikiza tupime DNA, na majibu ya maabara ya serikali ya Wandegeya, Kampala, yakaonyesha kwamba si damu yangu. Siku hiyo kijana alikuwa kwangu kwa likizo, akinisubiri nimpeleke kununua viatu vya shule. Nilimpeleka. Karo nalipa hadi leo, na ndugu zangu wananiita mjinga.

Mzee wa Soroti:
Simamisha malipo leo hii. Baba mzazi atafutwe alipe.

Dada wa Arua:
Mzee wangu, kwa heshima zote, huyo mtoto anamwita nani baba?

Dereva wa Malaba:
Wanaume wote wapime kabla ya kutoa hata shilingi.

Mwalimu wa Busia:
Ndugu Fundi, umefanya jambo kubwa. Wengine tafadhali turudi kwenye swali, kwa maana hapa kila mmoja anaanza kumshuku mwenzake.

Msaidizi wa Sheria, Mbale:
Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 31, inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, bila kumtaja baba peke yake. Sheria ya Watoto nayo inataja elimu na malezi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, makazi na matibabu. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa mahakama ya familia na watoto hata mama akiwa bado mjamzito, na hakimu hupanga kiasi cha kila mwezi akiangalia uwezo wa wazazi. Kabla ya huko, anzeni kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, au afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kituo cha polisi chenye dawati la familia na watoto pia hupokea malalamiko, na FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia kina mama wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Mama Pacha, Gulu:
Mimi sishauri mahakama. Amri ya hakimu ninayo kabatini, na aliyeamriwa kulipa yuko Juba, Sudan Kusini.

Dada wa Arua:
Mwambieni shangazi yake. Wanaume wengi wa kwetu humwogopa shangazi kuliko hakimu, na kwangu ndiye aliyerudisha karo.

Mama wa Bombo:
Wa kwangu hana shangazi aliye hai. Ni mtumishi wa serikali, na mshahara wake unapitia benki. Je, mahakama inaweza kuukata?

Msaidizi wa Sheria, Mbale:
Inaweza, dada, ikiwa amri imekwisha kutolewa naye hajalipa. Beba cheti cha kuzaliwa cha binti, barua ya shule na risiti za ulivyonunua, na umwombe mzee mmoja aliyeshuhudia makubaliano yenu aandamane nawe.